Kisanduku cha Jikoni kwa Mama Mkwe

Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada mdogo wa mke wangu, huingia jikoni kwa mama mkwe wetu bila kubisha. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na mengine yote nitakayoeleza hapa, ya chipu na waya na tangi la maji, yana mizizi yake hapo. Anaingia, anavuta kigoda, anafunua sufuria. Mimi nilimwoa dada mkubwa. Nilifika katika boma lile miaka mingi kabla yake, na hadi leo sijui ukuta wa jiko lile una rangi gani kwa ndani.

Sisi Wakamba tuna jambo linaloitwa nthoni. Ni haya na heshima kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hampeani mikono, hamli pamoja, huingii anakolala wala anakopikia, na mkikutana njiani mmoja wenu anapata ghafla hamu ya kukagua mahindi ya jirani. Wengi wameiacha siku hizi. Wengine huimaliza kwa mbuzi na blanketi, kisha mama na mkwe wakakaa meza moja kama watu. Kwa wakwe zangu, nje kidogo ya Masii, haijaachwa wala kumalizwa. Mama mkwe anaimba kwaya na husoma masomo kanisani, lakini kwa nthoni hana mchezo. Salamu zake hunifikia kupitia kwa mke wangu, hata kama kati yetu pana ukuta mmoja tu na nimemsikia kwa masikio yangu akizitamka.

Mwanyumba wangu hana habari na hayo. Alizaliwa Nairobi, baba kabila hili, mama kabila lile, na anaishi Syokimau kwa sababu kazi yake iko kiwandani Mavoko, upande wa ununuzi. Siku aliyoletwa nyumbani mara ya kwanza alimnyoshea mama mkono. Watu wote uani waligeuka kutazama. Mama aliutazama ule mkono, akacheka kama msichana, akaupokea. Tangu siku hiyo anamwita mwana wakwa, mwanangu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mikono mfukoni, nikitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni wa heshima.

Basi, kisima. Wakwe zangu wana kisima kirefu bondeni, chini ya nyumba, na tangi juu ya kilima, na swichi ya pampu iko kwenye ukuta wa jiko, maana ndilo jengo lililo karibu zaidi na kisima. Kila mara mtu alilazimika kupanda kilima kuchungulia tangi ndipo ashuke kuwasha au kuzima. Mama alianza kulalamika magoti. Mke wangu akaniletea maneno hayo, na mimi nikaona mlango umefunguka.

Kazi yangu ni hiyo. Nina karakana mjini Machakos, natengeneza runinga na inveta, na kwa miaka kadhaa sasa naunda vidhibiti vya mashine za kuangulia vifaranga. Nilisema nitaweka kifaa juu ya tangi cha kupima maji, na kingine jikoni cha kuonyesha kiwango na kuwasha pampu chenyewe. Mwanyumba aliposikia, alisema, "Msee, usijichoshe. Hiyo kitu iko tayari dukani, inakuja na simu yake. Mwezi ujao naileta." Mama alijibu kwamba mkwe wake mkubwa ajaribu kwanza. Mke wangu aliponiambia hivyo sikulala usingizi wa kawaida. Nilitaka kazi yangu iwe ukutani kabla mzigo wa yule bwana haujafika, na sitaficha sababu. Kisanduku kile kingeingia jikoni ambamo mimi siruhusiwi kuingia. Kila asubuhi mama angekitazama, na mikono iliyokitengeneza ni yangu.

Nieleze kinavyofanya kazi, kwa maana bila hilo hutaelewa nilivyoaibika.

Juu ya tangi kuna maikrokontrola, chipu ndogo inayofuata maagizo uliyoiandikia. Inapima maji na kupata namba, sifuri hadi mia. Jikoni kuna maikrokontrola nyingine inayoingoja namba hiyo. Kati yao, kutoka kilimani hadi nyumbani, nilizika waya mmoja wa ujumbe na wa pili wa kufunga mzunguko. Namba haisafiri kwa mkupuo. Inakatwa vipande vinane vinavyoitwa biti, kila kimoja ni ndiyo au hapana, umeme upo au haupo, na vinapita kwa zamu katika waya ule mmoja, cha thamani ndogo kabla ya cha thamani kubwa.

Hakuna waya wa tatu wa kupiga mapigo na kusema sasa tazama, sasa tazama. Ndiyo maana njia hii ni rahisi, na ndiyo maana ina hila. Kila chipu ina saa yake tumboni, na zimekubaliana tangu mwanzo tu kwamba biti moja itachukua muda fulani. Waya ukikaa kimya, unakaa na umeme. Mtumaji akitaka kusema, kwanza anauangusha umeme kwa muda wa biti moja. Hiyo ni hodi. Mpokeaji akiiona ile hodi anaanza kuhesabu kwa saa yake mwenyewe: anangoja biti moja na nusu, ili jicho lake litue katikati kabisa ya biti ya kwanza, mahali ambapo hakuna shaka, halafu anatazama tena baada ya muda wa biti moja, na tena, hadi zitimie nane. Mwishoni umeme unarudi juu kuonyesha kwamba neno limekwisha, na waya unakaa kimya kungoja hodi nyingine.

Nilivipima vifaa vyote viwili kwenye meza yangu, nyumbani Mumbuni, wakati wa baridi ya Julai. Vilielewana vizuri kabisa. Chipu zote mbili nilizitumia na saa yao ya ndani, ile inayokuja imejengwa humo humo, maana ilipunguza vipuri na kisanduku kikatoka kidogo cha kupendeza. Nilitaka kiwe cha kupendeza.

Kukifunga jikoni sikuweza, ni wazi. Nilimpa mke wangu bisibisi na mchoro, nikamwambia, "Weka mahali pakavu, mahali kuku hawafiki." Alifanya kazi safi. Nilikaa uani nikisikia misumari ikigongwa, na mama akisema kitu, na mke wangu akicheka. Mwanyumba naye alikuwemo ndani, anashika ngazi.

Kwa siku za mwanzo kilifanya kazi na nilitembea mjini kifua mbele. Halafu simu zikaanza. Kisanduku kinasema tangi limejaa na tangi ni kavu. Pampu imejizima, majirani wako na mitungi. Nikauliza kinaonyesha namba gani, nikajibiwa, "Inaonyesha ujinga tu, mara nzuri mara mbaya." Nilikwenda. Mke wangu akakichomoa ukutani, akaniletea uani, penye kivuli cha ghala. Nikanywa chai kwanza kama adabu inavyotaka, nikakiunganisha na waya niliouvuta kutoka nje, na kikafanya kazi bila kosa hata moja. Nikakirudisha. Nilipofika Mumbuni simu ikalia tena.

Nilikwenda mara nyingine, na nyingine. Kila nikifika, mama anaanza kunipikia, kwa sababu mkwe hawezi kuondoka na njaa, na kila kisanduku kinapoletwa mikononi mwangu kinakuwa mtoto mwema. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha plagi. Nilimshuku panya. Nilimshuku, Mungu anisamehe, mwanyumba wangu, kwamba anapoingia mle ndani peke yake anakichokonoa.

Maana yeye alikuwa anafurahi. Hakusema, lakini niliona. Alikuwa akitoka jikoni akijipangusa mdomo, muthokoi wa mama, ule wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ungali mashavuni, ananiuliza, "Sasa, mzee, imekubali?" Kuniita mzee mbele ya mke wangu! Tumepishana miaka michache tu. Na nyuma yake sauti ya mama inamwita arudi amalizie sahani. Mimi yangu aliniletea mke wangu, imefunikwa, paja la kuku juu, chakula cha mgeni. Nilikuwa nakula peke yangu chini ya ghala nikisikia wanavyoongea, na sitasema chakula kile kilikuwa kibaya, lakini sahani haikurudi tupu.

Mzigo wake ukafika. Mke wangu aliniambia kwa upole, na upole wake ulinikasirisha zaidi. Mama alikuwa amesema hivi: Jumamosi majirani wote watakuja kuchota, kuna harusi. Maji yakikatika siku hiyo, kisanduku cha mkwe kitashushwa na cha yule mwingine kitapandishwa, na mtu asikasirike. Nilijibu kwamba sijakasirika. Nilikwenda bafuni nikakaa huko kwa muda bila kufanya chochote.

Jumamosi tulifika mapema. Kisanduku kilikuwa sawa. Majirani wakaanza kuteremka na mitungi, jikoni moto ukawashwa, sufuria kubwa ya muthokoi ikapandishwa, ile inayotaka moto wa saa nyingi. Kabla jua halijafika utosini, pampu ikanyamaza. Mama mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti, "Pampu imezima tena," na wote wakanitazama mimi, siyo pampu.

Nikamwambia mke wangu, "Usikitoe. Safari hii kiache hapo hapo." Nikamwomba apande kilimani, kwa sababu kifaa cha juu kina kioo chake kidogo cha namba, anipigie simu anisomee. Kisha ilibaki kwamba mtu asome kile cha jikoni. Nilisimama mbele ya mlango ule, hatua chache tu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye upenyo wa juu, nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Mama alikuwa ndani. Watu wa foleni walikuwa nyuma yangu, wanaangalia kama nitaingia. Nusu yangu ilitaka kuingia kwa kishindo na mambo yaishe.

Mwanyumba alikuwa ameegemea gari lake. Kumwomba kulinigharimu kuliko nilivyotaka ionekane. "Ndugu yangu," nikasema, "nenda kanisomee hiyo namba."

Akaenda. Hata hakukaza mwendo. Mlango ukammeza, nikasikia mama akimwambia kitu na yeye akijibu kwa Kikamba chake kibovu, wakacheka. Halafu akapaza sauti, "Inasema mia moja hamsini na moja!"

"Ngapi?"

"Mia moja hamsini na moja. Sasa si umesema mwisho ni mia?"

Simu ikaita. Mke wangu, kutoka juu, anahema: "Huku ni ishirini na tatu."

Nilitoa moja kwenye nyingine kichwani, kisha nikazitoa tena. Nikamwambia mke wangu afungue koki amwage maji kidogo. Akasoma ishirini na mbili. Nikaita jikoni. Kutoka jikoni nikajibiwa mia moja na hamsini.

Tofauti ni ile ile, mia moja ishirini na nane. Kwa mtu mwingine hiyo ni namba tu. Kwa chipu, kila biti ina thamani mara mbili ya iliyotangulia, moja, mbili, nne na kuendelea, na mia moja ishirini na nane ni biti ya nane, ile ya mwisho, peke yake. Ina maana biti saba zilikuwa zinafika salama na ya nane ilikuwa inasomwa ndiyo badala ya hapana, kila mara. Na namba yoyote inayopita mia, programu yangu iliihesabu kuwa tangi limejaa, ikazima pampu.

Kwa nini ya nane? Kwa sababu saa ya kule jikoni ilikuwa imechelewa. Jicho lilianza vizuri kwenye hodi, biti ya kwanza likatua karibu na katikati, ya pili likasogea kidogo, ya tatu zaidi, kila moja ikiongeza uchelewaji wake juu ya uliopita. Kufika ya nane, jicho lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka. Lilipotazama, halikuiona biti ya nane tena, liliuona ule umeme wa mwisho unaosema neno limekwisha, nao daima uko juu. Chipu ikaandika ndiyo. Baada ya hapo waya uko kimya, uko juu vilevile, hivyo hata haikujua kwamba imekosea. Ilikuwa inanidanganya kwa moyo mweupe.

Na saa ya ndani ya chipu huchelewa au kuwahi kwa sababu moja kuu.

"Kiguse," nikapaza sauti. "Kisanduku kiguse kwa mkono."

Nikasikia tusi dogo la mjini. "Bana, hii kitu inachoma! Huwezi shika!"

"Kiko wapi?"

"Si hapa juu ya moto. Penye mama ametundika mahindi ya mbegu."

Niliposikia hivyo nilikaa chini kwenye kijiwe. Mahali pakavu, nilikuwa nimesema, mahali kuku hawafiki. Na katika nyumba yoyote ya Mkamba anayelima, mahali pakavu kuliko pote, ambapo hata fukusi hathubutu, ni juu ya moto wa kupikia, wanapotundika mahindi ya kupanda mwaka ujao. Mke wangu na mama walikuwa wamekipa kisanduku changu nafasi ya heshima kabisa. Mkwe yeyote angejua hivyo akitia kichwa mlangoni mara moja. Lakini sikutia, na kuuliza jiko la mama mkwe limepangwaje ni aibu vilevile. Na kila nilipokuja, moto uliongezwa kwa ajili ya kuku wangu, kisha kisanduku kikaletwa nje, kikapoa wakati nanywa chai, na kikanionyesha uso mzuri.

Dawa yake ni kipuri kimoja kidogo cha bati kinachoitwa kristali. Kinapiga mapigo yake bila kujali joto la jikoni. Nilikuwa nacho kwenye mkoba. Mke wangu aliteremka, akakitoa kisanduku kwa kutumia leso, na mimi nikakaa chini ya ghala na solda yangu, watu wa foleni wamenizunguka, nikaifunga kristali miguuni mwa chipu, nikaunganisha kompyuta na kubadilisha agizo ili chipu ifuate saa mpya. Nilituma ombi kwamba hata hivyo kisanduku kitundikwe mahali pengine. Jibu likarudi kupitia kwa mke wangu: mama anasema kikae palepale, kwa sababu pale anakiona anapokoroga.

Mwanyumba alinyosha mikono. Nikampa. Yeye akaingia nacho, yeye akapanda kigoda, yeye akakaza skrubu. Pampu ikanguruma. Mwiko ukaendelea kugonga sufuria, moto ukaendelea, namba ikabaki kweli alasiri nzima, majirani wakajaza kila kitu walichobeba. Na mara tu pampu ilipowaka, niliisikia sauti ya mama, wazi, kupitia ukuta.

"Asante, mwana wakwa."

Yule bwana, nimpe haki yake, alisema, "Si mimi, mama, ni yeye." Lakini alishaambiwa. Asante haifutwi ikaandikwa upya kwa jina lingine. Mzigo wake ulirudi dukani, kisanduku changu kipo ukutani hadi leo, nimeshinda, na nilirudi Mumbuni nimekunja uso.

Kesho yake mke wangu alikuwa anakunja nguo sebuleni, nami nikamwambia wazi. Nilisema nataka tutoe mbuzi na blanketi tuimalize nthoni. Nilisema nimechoka kuwa mgeni.

Aliacha kukunja. "Kumbe wewe humjui mama," akasema. "Mwaitu akisikia unakuja, anafagia uani mara mbili. Anavaa viatu vya kanisa, ndani ya jiko, na kitambaa kile cha bluu. Anakaa wima hadi uende. Huyo mwingine akija hata hasimami. Ako tu miguu mitupu, anamfokea, 'Funga mlango, kuku wanaingia!' Yeye husema ako na mkwe mmoja tu duniani, na ni wewe. Ukimaliza nthoni utamnyang'anya hiyo."

Alinitazama akitarajia nifurahi, na nilijua kwamba alichoniambia ni heshima kubwa kuliko ninayostahili. Nilimwambia asante. Nilisema basi, mbuzi aachwe.

Lakini kifuani niliungua vilevile. Ningetoa mbuzi watatu, mama yule asimame mlangoni miguu mitupu, anifokee nifunge mlango.